Msala wa Mama Kwenye Kioo cha Kompyuta

Mimi mtu wa haraka, na haraka zangu zimenitia hasara nyingi, lakini hii ya msala ndiyo iliyoniuma. Mama'angu alipofariki, hata arubaini haijafika, nshatoa sadaka vitu vyake vyote: kanga, mabuibui, na msala wa ukili, mkeka wake wa kusalia aliousuka mwenyewe, akaushona mwenyewe. Baadaye nikataka kusali juu ya kitu alichokigusa, nikatazama nyumba nzima, sina. Nilikwenda kuuliza nilikoupeleka, hakuna aliyejua umechukuliwa na nani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ilibaki picha moja tu. Mama aliituma kwenye kundi letu la ukoo siku aliyoumaliza, kwa majivuno yake.

Nikamwomba mama mkubwa, dada yake wa Bwejuu, anisukie mwingine kama ule. Kwa ukili yule hana mpinzani. Anazungumza na wewe, anacheka, na vidole vinakwenda havitazamwi. Akaja mjini na miyaa yake, majani ya mkindu yaliyochanwa na kutiwa rangi, kayafunga ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Iko wapi hiyo picha?"

Nikampa simu. Lo! Tulitaabika. Vidole vyake vishakuwa sugu kwa kusuka, simu haivisikii. Akigusa, kimya. Akikaza, msala unakwenda zake, inakuja picha ya harusi. Akiiweka chini ashike miyaa kwa mikono miwili, kioo kinazimika.

"Simu yako ina kiburi," akasema, akaanza kufunga mzigo. "Mwanangu, kila mtu na mkono wake. Mie nitakusukia wangu, wa mama'ako siujui ulivyokwenda."

Roho ilinipasuka. Kama yeye hawezi, basi ndiyo nimeupoteza mara ya pili.

Nna kompyuta ya mezani ninayochapia kazi za watu. Nilikuwa nasikia tu kwamba programu za simu zinafunguka hata humo, nikipuuza. Ya simu na yakae kwenye simu. Siku ile sikuwa na ubishi. Nikaifungua ile ya ujumbe, kikatokea kijimraba cha madoadoa cha kuunganishia, nikakielekezea simu, na mara kundi zima la ukoo likamwagika kwenye kioo kipana. Nikaitafuta picha, nikaikuza. Wallahi nilipiga makofi peke yangu! Kila mwaa unauona unakoingia na unakotokea, na picha imetulia, haizimiki wala haikimbii.

Lakini msukaji hakai kwenye kiti. Hukaa chini, miguu kanyoosha. Basi nikakishusha kioo sakafuni, nikakipandisha juu ya mbuzi ya nazi, kikawa sawasawa na macho yake. Mama mkubwa akakisogelea, akahesabu miyaa kimoyomoyo. Ghafla akacheka mpaka akashika ubavu.

"Karuka tena huyu! Tazama!"

Nikatazama kidole chake kilipo. Mwaa mweusi ulipaswa kupita juu ya mmoja, umepita juu ya miwili.

"Tangu wadogo hapa ndipo alipokuwa akikosea, kwa pupa. Nimempiga vidole mpaka nimechoka." Akaacha kucheka. Akakigusa kioo pale paliporukwa, taratibu, na macho yake yakajaa maji. "Kumbe hukukoma, mdogo wangu."

Nami nikalia. Nikamwambia, "Basi wewe pitisha vizuri."

"Unataka msala mzuri, au unataka wa mama'ako?"

Nikamsogezea miyaa.

Alikaa kwangu siku tano, asubuhi mpaka adhuhuri, mbele ya kile kioo. Nilikuwa nikipita na chai namtazama, naona fahari kuwa ni damu yangu. Siku ya nne akaniita kwa hasira. Alikuwa amefika pale pa kuruka, na mara tatu alikuwa amekwishafumua.

"Mkono umekataa. Nikisema niruke, wenyewe unapita sawa. Na nikilazimisha, unakaa vibaya, unaonekana wa kusingizia. Hebu njoo wewe."

"Mie? Mama mkubwa, sijui kusuka!" Na kweli. Utotoni mama alinikalisha mara ngapi kunifundisha, nikimtoroka.

"Kaa. Mmoja juu, mmoja chini. Usiruke, nnakwambia. Suka kama inavyotakiwa."

Nikakaa, nikanyoosha miguu. Nikasuka kwa hadhari yote niliyonayo, ulimi nje, nikitaka angalau nimwoneshe kuwa nami naweza. Nikamrudishia.

Mama mkubwa akatazama ukili, akatazama kioo, akatazama ukili tena. Mwaa mweusi umepita juu ya miwili, mahali palepale.

"Haya," akasema, akipokea miyaa mkononi mwangu. "Yeye huyo."