Siku wasichana wa Rumonge walipogoma kupiga vigelegele

Amahoro wakuu. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye ananichapia huu uzi, ila maneno ni yangu. Kwa umri huu nidanganye ili nipate nini?

Uhuru wa Burundi ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na Rajabu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa amemposa Zaina, binti wa miaka kumi na sita aliyeanika ndagala ufukweni.

(Ndagala ni dagaa wetu, kwa wageni.)

Siku moja Rajabu alimwita, Zaina akachelewa kuitika. Rajabu akamzaba kofi mbele yangu na mbele ya wasichana wenzake wa kuanika.

Nilicheka, wakuu. Nikasema ni mambo ya wapendanao. Naona aibu mpaka leo.

Ikaja siku ya kupeleka sanduku. Kwetu sanduku la nguo za bibi harusi hupokelewa mlangoni kwa vigelegele vya wasichana wa rika lake. Bila hivyo haliingii. Nani angewaza kwamba siku moja vitakosekana? Sisi tulikuwa tunawaza pilau tu.

Mbebaji nilikuwa mimi, sanduku kichwani. Tukafika kwa kina Zaina na ngoma zetu. Wasichana kama ishirini wamejipanga, wamependeza kweli kweli.

Kimya.

Ngoma zikafa moja moja. Wanatutazama tu. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakukosea.

Baba yake Zaina akatoka: "Iko nini?"

Akajibu Mwajuma, mdogo kuliko wote: "Baba, hatuwezi kupigia vigelegele mukono yenye inapigaka Zaina."

Rajabu akaruka: "Muongo! Uliza huyu, tunatembeaka naye kila siku!"

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, uliona?"

Zaina alikuwa dirishani. Nikatua sanduku.

"Niliona, baba. Na nilicheka."

Posa ikafia pale pale. Sanduku nililirudisha mwenyewe, nikikatiza sokoni, watu wananikodolea macho. Rajabu hakunisemesha tena.

Nimeishi sana, lakini nguvu kama ile sijaiona tena. Mabinti wasio na semina wala kipaza sauti, walikubaliana tu wasimwache mwenzao. Vijana, mwenzenu akipigwa na mpenzi wake msiite mapenzi. Mkae upande wake, mseme mapema.

Maana kesho yake nilikwenda ufukweni nikitegemea shukrani. Zaina aliendelea kutandaza ndagala, akaniambia bila kuinua kichwa: "Ungesema siku ile ile."

Nyie mliowahi kuona mkanyamaza, uwanja ni wenu.