Baba yangu, fundi wa mageti, alipojitolea kuwa kochi wetu wa netball

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu mchana, kwa kiwanja cha mtaa wetu hapa Eldoret.

Wakuu, hamjambo. Mimi huwa nasoma nyuzi zenu na kunyamaza. Hata darasani niko hivyo, Form Three nzima hawajui sauti yangu. Hii nimeitoa kwa diary yangu karibu vile ilivyo, na pale naonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo.

Siku hiyo ilikuwa mkutano wa wazazi wa club yetu ya netball. Kochi wetu, mwalimu fulani, alikuwa amepata transfer. Mama Akinyi, ambaye ndiye chairlady, akauliza nani atajitolea.

Kila mtu akawa na sababu.

Huyu ana kibanda sokoni, yule ana kwaya, mwingine anatazama viatu vyake. Kisha mkono mmoja ukapanda huko nyuma, mkono wenye alama za moto.

Baba yangu. Alikuwa amekuja tu kunichukua.

Wakuu, nilivuta hood ya sweta mpaka kwa pua.

Mjue baba ni fundi wa kuchomelea mageti. Ujana wake alikuwa anakimbia cross country. Hakufika mbali, lakini ukimwuliza saa ngapi atakwambia habari za mbio. Netball alikuwa hajawahi kushika hata mpira wake.

Jumatatu watu wa karakana jirani wakaanza.

"Kochi wa sketi! Na wewe utavaa lini?"

"Nikipata size yangu," baba akajibu, akashusha miwani yake ya welding na kuendelea na kazi.

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Bibs za timu, zile za kuvaa juu ya T-shirt zenye herufi za nafasi ya mchezaji kama GA na WD, alikuwa anakuja nazo nyumbani nizioshe. Nilikuwa nazianika ndani, kwa kamba ya jikoni, pazia limefungwa, ndio majirani wasizione.

Mazoezi sasa. Mlima! Kila siku mlima. Tunapanda tukikimbia, tunashuka tukikimbia, mpira umelala kwa gunia.

"Pumzi kwanza," baba anasema. "Mkiwa na pumzi, mchezo utajileta."

Kwa wasiojua netball: ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Ule mguu uliotua kwanza ukiuinua, usiurudishe chini kabla hujaachilia mpira, na una sekunde tatu tu za kuuachilia. Mimi hiyo naijua vizuri kwa sababu shuleni ni reserve wa kudumu. Benchi linafundisha.

Nilimwambia baba. Kweli nilimwambia. Lakini nilimwambia karakanani, kwa hii sauti yangu, grinder ikiwa imewashwa.

Basi tukaenda kucheza friendly na wasichana wa Ainabkoi.

Akinyi, binti ya chairlady, akadaka mpira wa kwanza. Baba kando ya mstari: "Kimbia! Kimbia!" Akinyi akakimbia, si kochi amesema. Filimbi. Mwingine akadaka. "Kimbia mama!" Filimbi. Refa alichoka kuipuliza hiyo filimbi. Kochi wa Ainabkoi, mama mmoja wa kofia kubwa, akauliza kwa sauti, "Hawa wamekuja netball ama wanatafuta njia ya marathon?"

Tulichapwa vibaya, score acha ikae huko huko.

Mama Akinyi alimngoja baba pale getini. "Baba Chebet, tunakuheshimu. Lakini wazazi wanasema watoto wanachoka bure. Kuna mechi ya marudiano, wao wakija kwetu. Mkichapwa hivi tena, tufunge hii club warudi kwa vitabu."

Baba akasema tu, "Sawa, Mama."

Nyumbani alizungusha kijiko kwa chai mpaka ikapoa. Mimi nilikuwa kwa beseni na bibs.

"Chebet, kwani ile filimbi ilikuwa inasema nini?"

Nikamweleza. Nikasimama hapo jikoni, sufuria ya ugali ikiwa mpira, nikamwonyesha kutua, mguu huu unakaa, huu unaruhusiwa kuzunguka. Aliniangalia kama anaona mtoto wa jirani.

"Kesho utawaambia wewe."

"Mimi? Baba, wataniangalia."

"Si ndio wakuone. Mimi najua kukimbia. Wewe unajua kusimama. Timu inataka zote mbili."

Sikulala vizuri. Lakini nilijua nikinyamaza, club imekwisha, na watu wa karakana watacheka mpaka Krismasi.

Tulipofika kiwanjani nikakuta ametengeneza pete kubwa za chuma kutoka kwa vipande vya nondo vilivyobaki. Akazilaza kwa nyasi. Unaruka, unadaka, unatua ndani ya pete, mguu unabaki hapo.

"Mguu wako nimeuchomelea kwa hiyo pete," akawaambia wasichana. "Haung'oki. Chebet ndiye atasema."

Halafu akaenda kusimama kando, mikono nyuma.

Nikasema, "Chomelea."

"Hatuskii, teacher!" Akinyi akaniita hivyo, wote wakacheka.

"Chomelea!"

"Bado!"

Wakuu, sijui ilitoka wapi. Nilipiga hiyo "CHOMELEA!" mpaka vijana wa football upande ule wakasimamisha mpira wao. Baba hakugeuka, lakini niliona mabega yake yakitikisika. Alikuwa anacheka.

Ikawa ndiyo kelele yetu. Mpira ukidakwa, chomelea. Jioni tunafunga na mlima, hiyo hakuiacha.

Ainabkoi wakaja kwetu. Wazazi walijaa kuliko siku zote, nafikiri wengine walikuja mazishi ya club. Mimi sikucheza. Nilikuwa mstarini na baba, kazi yangu ni sauti.

Wakatuongoza mapema. Lakini hatukupigiwa filimbi ovyo, na kufika quarter ya mwisho wenzetu walikuwa wameshika viuno. Sisi bado tunaruka. Ule mlima, kumbe!

Tukabaki nyuma kwa bao moja. Dakika za mwisho Akinyi akadaka karibu na goli, beki anamkujia. Watu wote: "Kimbia! Kimbia!"

Nikamwona baba akifungua mdomo. Nilijua neno linalokuja. Akajiziba kwa kiganja.

"CHOMELEA!" Hiyo ni mimi.

Akinyi akatua, mguu haukung'oka. Akainua mpira, akarusha. Ukazunguka kwa ringi, ukafikiria, ukaingia.

Sare! Mama Akinyi aliingia kiwanjani na leso yake, refa bado hajamaliza mechi.

Mechi ikaisha hivyo hivyo, na yule mama wa kofia akaja kumsalimia baba. "Umewafanya nini hawa? Wewe ni kochi."

Baba akanivuta kwa mkono wa sweta. "Tuko wawili."

Na Mama Akinyi, bila kuangalia mtu machoni: "Baba Chebet, mazoezi ya wiki ijayo ni saa ngapi?"

Nilichojifunza: mzazi akijitolea si lazima awe anajua kila kitu. Amekuja na alichonacho. Kile kingine tumwambie, na tumwambie grinder ikiwa imezimwa. Kuna mwingine hapa timu yake ilifundishwa na mzazi wake? Ulijificha kama mimi? Na mwenye mazoezi mazuri ya shooting atupe, Akinyi hawezi kutuokoa kila siku.

Asubuhi baada ya ile mechi, kabla ya kanisa, niliosha zile bibs. Jikoni sikuenda. Nilizianika kwa fence ya mbele, zote, herufi zikiangalia barabara.

Yule jamaa wa "kochi wa sketi" akapita na Biblia yake. "Chebet, leo mmeanika nini?"

"Bibs za timu ya baba!"

Alisikia. Nafikiri hata wa mtaa wa pili walisikia.