Wageni wa Mtoni

Niliolewa Samuye miaka ya hamsini, nikitokea kwetu ziwani, upande wa Geita. Niliambiwa nyumba iko mtoni, nami nikabeba mgono wa kutegea samaki. Nilifika wakati wa kipupwe. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wamelala katikati. Mashemeji walipouona mgono wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikasirika! Kaka yangu aliyenisindikiza nilimwambia aje kunichukua pamba ikishauzwa.

Mume wangu alikuwa Mwadui, kwenye almasi, kwa hiyo nilibaki na mama mkwe, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja, baridi ikiuma masikio, aligonga mlango, akaniita mama kwa Kisukuma chao.

"Mayu, amka. Bageni wamefika, wengi."

Wageni! Niliruka, nikasonga ugali wa mtama chungu kizima, nikajifunga kanga mpya, nikatoka na ule ugali na maji ya kunawa. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa nyuma ya ua wa minyaa, kajifunika blanketi. Akaninyooshea kidole mtoni. Kumbe wageni ni kanga, kundi zima, na digidigi wawili, wanakunywa. Nimevaa kanga kuwapokea kanga! Alipouona ule ugali alicheka mpaka blanketi likaanguka, na wageni wote wakatimua mbio.

Kila kipupwe alichimba visima viwili mchangani. Cha watu alikizungushia miiba. Cha pili, chini kidogo, alikiacha wazi kwa ajili ya wageni. Tangu siku hiyo tulichuchumaa pamoja ndani ya blanketi moja. Ngiri alikunywa amepiga magoti, kama mkamwana anayeamkia wakwe, nasi tukaziba midomo tusicheke. Maji yaliposhuka, kisima cha wageni nilikichimbua mimi. Nilikuwa na furaha, na sikumwambia mtu.

Pamba ikauzwa. Kaka alitukuta asubuhi nyuma ya minyaa. Mama mkwe aliitikia shikamoo yake, akainuka taratibu, akanifunika blanketi lote.

"Njiani kuna baridi," akasema, bila kunitazama.

"Haya, mzigo uko wapi?" kaka akauliza kwa sauti kubwa ya watu wa ziwani.

"Nyamaza, kaka! Utatufukuzia wageni."

Mama mkwe akachuchumaa tena, akavuta upande wake wa blanketi. Kaka alikula ugali, akaondoka na mgono wangu.