Korbei ya Masini na Salongo ya Mama

Masini haiumi mutu, na haili kazi ya mutu. Ni somo la kwanza nililomupa mama yangu, siku alipokubali kunisaidia mu sekretaria yangu, chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Butembo, ambamo ninachapa barua na kupiga fotokopi. Mama aliuza maharagi ya Kirumba miaka mingi na hakuna aliyeweza kumudanganya kwa kipimo. Lakini ile suri ya ordinatere, kile kipanya cha kuongozea masini, alikuwa anaishika kwa vidole viwili na kuiinua kabisa juu ya meza.

Mimi si mwalimu muvumilivu, nasema kweli. Nilimufundisha kwa makelele. Masini haizimwi kwa kuchomoa waya kama redio: unaiagiza ijifunge, unangoja. Kle ya muteja, kile kijiti cha kubebea kazi, unaipima virisi mbele ya kuifungua. Kazi ikipotea, hapana kulia, andika jina lake pale pa kutafuta. Na kitu usichokitaka, bonyeza upande wa kuume, kisha Supprimer, ni kusema futa, kinaenda mu korbei, kile kikapu kidogo kule pembeni.

Mama aliangalia kile kikapu sana. Akauliza ni nani anakichambua mbele ya kukimwanga. Maana kwetu, tangu tukiwa batoto, korbei haimwangwi ovyo: maganda ya viazi yanaenda kwa nguruwe, makaratasi yanawasha moto, na mwenye nyumba anapitisha mukono ndani mara ya mwisho, sababu vijiko vyetu vilishapotelea humo. Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia masini haina nguruwe.

Sasa, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, kwetu ni salongo, kazi ya usafi ya watu wote. Hakuna duka linalofunguliwa kabla ya watu kufagia barabara na kuzibua mifereji. Mama, sababu ya magoti yake yanayouma, anabaki nyumbani. Mimi nilienda na jembe langu, nikarudi saa nne na matope mpaka kichwani. Mulangoni nilikuta muteja ananingojea, binti anayesomea uuguzi, ametoka Mutwanga kwa moto, ile pikipiki ya abiria, asubuhi sana. Alifuata kazi yake ya kumaliza masomo, ambayo mimi niliichapa majuma mawili mazima toka mu madaftari yake. Ilipashwa kufika kwa mukubwa wa masomo, hapa hapa mujini, mbele ya saa sita. Ikikosa, angengoja mwaka mwingine. Ilibaki tu kuitoa kwa karatasi.

Nikawasha masini. Biro yake, ule uso wa kwanza ambapo mimi natupa kila kitu kwa uvivu, ilikuwa tupu. Ilibaki picha ya mulima tu.

Mama akatoka jikoni na furaha yake yote. Alituelezea kwamba yeye pia alifanya salongo, sababu vitu vilitapakaa pale kama soko, ni haya mbele ya wageni.

Nikaandika jina la ile kazi pale pa kutafuta: hakuna. Kopi ku kle: hakuna, mimi ninayehubiria bateja kila siku waweke kopi mbili. Binti akaketi ku kiti, machozi yakaanza kumushuka. Basi nikamugeukia mama na maneno ambayo mutoto hapashwi kumwambia muzazi. Kwamba ameua mwaka wa mutoto wa watu. Kwamba usafi wake ni ugonjwa. Maana nilimujua: mwanamuke asiyeacha jani moja mu kiwanja, ataacha korbei imejaa?

Mama akapangusa mikono ku kikwembe, polepole.

"Korbei hapana nimemwanga," akasema. "Nilikuwa nangojea wewe mwenyewe uangalie."

Nikaifungua. Mungu wangu, vyote vilikuwa mule, nilivyochapa tangu mwezi. Pale pa kutafuta hapaoni ndani ya korbei, na mimi fundi mwenye kelele nilisahau. Nikabonyeza kuume, Restaurer, ni kusema rudisha, na kazi ikarudi mahali pake, kurasa zote. Binti alimukumbatia mama, si mimi. Saa tano na nusu alikuwa tayari juu ya pikipiki, makaratasi bado na joto chini ya koti lake.

"Mama, unisamehe," nikasema.

"Ulicheka," akanijibu, na akavuta kiti karibu ya masini. Tukachambua yote yaliyobaki, kimoja kimoja. Chini kabisa tukakuta barua ya katekista, ya orodha ya watoto wa ubatizo, niliyoitupa mimi mwenyewe bila kujua. Nilimwapia yule muzee kwamba masini imeikula, akarudi kuiandika yote upya kwa mukono. Na mama alikuwa pale siku ile, anasikia.

Akasoma jina la barua, akanitazama.

"Masini haili," akasema.