Kibuyu Nilichokionea Haya

Mwanangu, umeninunia tangu jana, nami hasira yangu haijapoa, kwa hiyo leo tuko sawa. Uliniletea yogati ya pinki ya dukani mbele ya wenzako wa kanisani, na unajua kabisa nina ugonjwa wa sukari. Nikaisukuma, nikasema sili. Ukaona nimekuaibisha. Ni kweli, mke wa mwanangu hafanyiwi hivyo hapa Kisoko. Kaa hapo nikueleze kwa nini nilifanya hivyo.

Naikumbuka vizuri siku niliyobeba kikombe kama hicho hicho. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo, binti wa Kisamia kutoka upande wa Masafu, bado najifunza njia za huku. Mama mkwe wangu akalazwa hospitalini. Sukari ilikuwa imepanda, na kidole cha mguu kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Daktari aliniambia waziwazi: "Mama akisikia njaa kabla ya mlo, mpe maziwa lala, haya yaliyoganda, bila sukari. Hata yale ya nyumbani ni mazuri."

Ya nyumbani yalikuwepo! Kibuyu chake kilikuwa kimening'inia jikoni, kimefukizwa moshi vizuri, maziwa yameganda mazito, hayana hata chembe ya sukari. Unajua nilifanya nini? Niliona haya. Wodi nzima watu wanafungua vikombe vya dukani vyenye picha za matunda, halafu mimi niingie na kibuyu chenye masizi kama mtu aliyetoka kuchunga? Nikamwuzia maziwa yetu yule mtu wa baiskeli aliyekuwa akivusha mitungi kwenda Busia ya Kenya, kisha nikanunua yogati ya pinki iliyotoka huko huko. Yetu yalivuka mpaka bila sukari, mimi nikarudi na sukari yenyewe. Mpaka leo nikikumbuka upumbavu ule natamani kujipiga kofi.

Nilimlisha siku tatu. Mama alikuwa ananitazama, anawatazama wagonjwa wa jirani, kisha anameza. Ilikuwa desturi: mke mpya wa mwanao akikuletea chakula mbele za watu, hukikatai, maana ukikataa umemvunjia heshima hadharani. Alijua kabisa kina sukari. Alikula ili nisiaibike.

Muuguzi alipompima, aling'aka, "Nani anapea huyu mama kitu ya sukari?"

Mama akajibu, "Mimi mwenyewe najitafutia."

Nami nikanyamaza! Nilikuwa na mdomo, nikaufunga. Kidonda kikazidi, na mwishowe kidole kikakatwa. Sijui kama kingepona bila mimi. Najua tu kwamba nilikisaidia kuoza.

Tuliporudi nyumbani aliunyoosha ule mguu wenye bandeji, akaniita. Yeye hakujua Kisamia, na lugha yake ilikuwa bado inanipiga chenga, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili cha sokoni. Hakupandisha sauti.

"Mimi nalinda aibu yako," akasema. "Wewe pia nalinda aibu yako. Sasa mguu yangu, nani nalinda?"



Sasa sukari imenishika mimi. Sitakula kitu cha kunimaliza ili wageni wako waone unanitunza. Hata kidogo! Eti ya afya, kwa sababu kikombe kina picha ya tunda! Unataka kunipa cha afya kweli? Kibuyu kile ninacho, nilikirithi. Chemsha maziwa, yaache mpaka kidole kivumilie joto lake, yamimine kwenye kibuyu, tia kijiko cha yale ya jana, funika, nenda kalale. Asubuhi nikatie tango humo na chumvi kidogo sana, hicho ndicho kitafunwa changu cha saa nne. Jioni usiyazamishe majani ya kunde kwenye mafuta. Yachemshe, uyamalizie na hayo maziwa juu ya moto mdogo, nile na kipande kimoja cha muhogo wa kuchemsha. Kuna kazi gani hapo ya kukushinda?

Sikia basi, mwanangu. Ukimuuguza mtu, mtazame yeye, achana na wanaokutazama. Daktari akikwambia jambo, lifanye hata kama litakufanya uonekane wa kijijini. Na mtu akikukatalia chakula kwa sababu kinamdhuru, usinune. Mshukuru, kwa kuwa amekuepusha na mzigo ambao mimi nimeubeba hadi mvi zimenijaa.

Haya, lete mkono wako. Mungu aijaze nyumba yako maziwa, akupe wakwe watakaokupenda na bado wakukatalie mbele za watu. Akufikishe uzee kama wangu, ukitembea kwa miguu yako miwili na vidole vyake vyote kumi.