Kangaruu Aliyeandikwa Mama Mbaya

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa ile bustani ya wanyama karibu na mji wa Anoka alinikabidhi reki, ndoo na funguo. Akaniambia, "Wewe umetoka Tanzania, wanyama unawajua." Nikamjibu kwamba mimi nimezaliwa Tanga mjini, mnyama niliyemjua ni paka. Ilikuwa miaka ya tisini inaanza, nimemaliza chuo Minneapolis na kazi sina. Nikashika reki, na usiku nikawa nasoma vitabu vya wanyama.

Vijana mkiniuliza habari za kangaruu mnataka kusikia kuruka tu. Basi sikilizeni. Mtoto huzaliwa mdogo kama punje ya haragwe, haoni, hana manyoya, na hupanda mwenyewe tumboni kwa mama mpaka ndani ya mfuko, akang'ang'ania chuchu miezi kadhaa. Mama akishtuka hupiga mguu chini, puu! Ukizidi kumkimbiza, misuli ya mdomo wa mfuko inalegea na mtoto anaanguka. Hilo nilimwambia meneja mara tatu, kwa mdomo wangu huu.

Jike wetu kwenye kadi ya kumbukumbu zake aliitwa Namba Saba; mimi nilimwita Mwajuma. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano mfukoni, na dume alishahamishiwa bustani nyingine miezi minne nyuma. Jumamosi moja ya baridi kali wageni walijaa kwenye banda lenye joto, kamera mikononi, na mtoto hatoi kichwa. Meneja akaingia ndani ya uzio, akaanza kupiga makofi na kumfuata Mwajuma.

"Bosi, acha! Atamwangusha!"

"Watu wamekuja kutoka mji wa Maple Grove kumwona huyu mtoto, Salim."

Mwajuma alipiga mguu, akazunguka banda mara mbili, mtoto akaanguka sakafuni. Nilimwokota nikamtia ndani ya shati langu. Alikufa kabla daktari wa wanyama hajafika.

Jumatatu nikasoma kadi ya Mwajuma, mwandiko wa meneja: "Mama mbaya. Alimtupa mtoto. Aondolewe." Kuondolewa maana yake sindano ya kufa. Jamani! Uue wewe, kisha umhukumu mama mtu? Nilimfuata ofisini bila kubisha hodi.

"Mpe mwezi mmoja. Ana mimba."

"Mimba ya nani? Dume ana miezi minne hayupo!"

Nikamweleza: kangaruu hupandwa tena siku chache tu baada ya kuzaa, na ile mimba changa husimama, ikalala tumboni mpaka mfuko ubaki mtupu. Ndipo inaendelea kukua.

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha, maana huijui."

Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alikuwa amekaa pale. Akasema, "Salim anasema kweli. Tungoje mwezi."

Mwezi mzima meneja alikuwa akipita bandani ananikebehi: "Vipi, mimba yako ya hewa?" Mimi nikafagia. Kulikuwa na siku niliamini kweli nitampoteza Mwajuma. Kisha asubuhi moja nikamkuta ameegemea ukuta, mkia ameupitisha mbele kati ya miguu, anajilamba. Kitu chekundu, kidogo mno, kilikuwa kinapanda kwenye manyoya. Nilipiga kelele mpaka watu wakaja mbio.

Meneja alitazama, akaenda kupiga simu kualika wageni. Nami nikaichukua kadi, nikafuta "mama mbaya" na "aondolewe", nikaandika: "Alikimbizwa na meneja mbele ya wageni, mtoto akafa." Nikatia sahihi, jina langu kamili.

Mwajuma aliishi. Mimi, kwa kadi ile, nilihamishiwa getini kuchana tiketi, na huko nilikaa mpaka nikastaafu. Wajukuu wananiambia, kwa Kiingereza chao, Babu achana nayo, ni mambo ya zamani. Siachani nayo! Meneja alipostaafu walimkatia keki, wakamsifu kwa hotuba ndefu kwamba alipenda wanyama. Nilialikwa. Nikabaki getini, nachana tiketi.