Kuning'inia Mara Mbili Dar

Niliondoka Morogoro kwa sababu moja: nafasi ilikuwa moja. Viongozi wa mchezo wetu wa jimnastiki walitangaza kwamba mwanamume mmoja tu atapelekwa kwenye mashindano ya nje, na mchujo utafanyika Dar. Nina miaka thelathini, nimecheza tangu shule ya msingi, na bega langu la kulia limechoka. Siku hizi linaniruhusu zoezi moja zuri kwa siku, basi. Nikiikosa safari hii hakuna nyingine, na nilifunga begi nikilijua hilo.

Saa tisa alasiri nilishuka stendi ya Mbezi, nikapanda basi la mwendokasi hadi Kariakoo kwa shangazi yangu Zuhura, muuza vitenge Mtaa wa Sikukuu. Kariakoo mtu anakupiga kikumbo kwa robota la nguo, kisha yeye ndiye anayekuuliza huoni. Shangazi alinipokea bila kuinuka kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Bado unaning'inia tu?"

"Bado."

"Wenzio watoto wao wako darasa la nne. Haya, kaoge, kuna wali na samaki."

Kesho yake asubuhi nilikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu hadi ukumbi mmoja karibu na Posta. Tuliitwa saa mbili kamili. Pete mbili kubwa za kuning'inia, ambazo ndizo mchezo wangu, zilikuwa zimetundikwa na magodoro yametandikwa; hapo sina neno. Lakini shughuli kubwa ilikuwa meza kuu. Ilivalishwa kitambaa, ikapambwa maua ya plastiki, na katibu wa kamati akahamisha kiti cha mgeni rasmi mara tatu ili jua lisimpige. Kamba za pete, zinazobeba shingo za watu, hakuzitazama hata mara moja.

Saa tano mheshimiwa alikuwa bado "yuko njiani". Nilipasha mwili moto, nikapoa, nikapasha tena. Watazamaji walipoanza kuondoka, katibu aliniashiria nianze. Nilipaka chaki viganjani, nikapanda. Maishani mwangu sijawahi kucheza vile. Msalaba, yaani kuning'inia kati ya pete mikono ikiwa imenyooka pembeni, niliushika mpaka waamuzi wakainua macho kutoka kwenye simu zao. Nikazunguka, nikaachia, nikatua bila kutikisika. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Nikaenda kuuliza alama zangu. Karatasi za waamuzi zilikuwa tupu.

"Alama za nini, kaka?" katibu akasema. "Mashindano hayajafunguliwa. Anayefungua ni mgeni rasmi."

"Sasa mimi nimefanya nini pale?"

"Ile ilikuwa burudani. Utarudia akifika."

Saa saba mheshimiwa aliingia. Tulisimama, tukapiga makofi, tukakaa, naye akasoma hotuba ndefu kuhusu faida za mpira wa miguu. Alipomaliza, katibu alimnong'oneza, naye akanigeukia.

"Kijana, nasikia umefanya vizuri. Hebu rudia, na sisi tuone."

Bega lilikuwa linawaka moto tangu nilipotua. Mwenye akili zake angesema haiwezekani, angeomba apangiwe kesho. Mimi nilisema, "Ndiyo mheshimiwa, asante," nikapanda. Msalaba wa pili haukufika popote. Bega liliteguka, nikaanguka kifudifudi mbele ya meza kuu. Mheshimiwa akapiga makofi, akidhani ndivyo zoezi linavyoishia, na meza nzima ikamfuata. Nafasi alipewa mshindani mwingine, kijana aliyeruka sarakasi tatu, kisha akampigia mheshimiwa saluti.

Siku ya pili yake nilirudi Morogoro, mkono umefungwa kwa kitenge cha shangazi. Daktari amesema pete nizisahau.

Mnaniuliza nimejifunza nini huko Dar. Njiani nikirudi nilimcheka katibu, viti vyake na maua yake, mpaka nilipofika Chalinze nikaishiwa kicheko. Hakuna aliyenishika kiuno akanipandisha. Niliogopa kumwambia mtu aliyechelewa kwamba amechelewa, na woga huo ndio uliomaliza kazi yangu. Kuna mtu aliyerekodi tukio lile kwa simu, akanitumia. Nimelala sakafuni, mkono umekaa upande usio wake, mheshimiwa ananiinamia kunipa pole, na ninasikika vizuri kabisa nikimwomba radhi.